Roshani Iliyomshukia Kokuberwa

Asubuhi ya Jumatatu Kokuberwa alitia mafuta cherehani yake barazani, akakunja pindo la sare ya shule, kisha akatazama juu. Jovita alikuwa ameegemea roshani, anamenya chungwa, maganda yakidondokea barazani. Roshani ikashuka kidogo.

Jengo hilo la madukani Bukoba lilitaifishwa mwaka uliopita, na wakazi wakajitolea kulikarabati: chini duka la ushirika, juu makazi. Kokuberwa alisomba mchanga wa ziwani mpaka nywele zikakatika utosini, kwa kuwa mwenyekiti wa kamati, Rugaibula, alimwahidi nyumba ya juu, yenye dirisha la kutazama ziwa. Lakini nyumba hiyo akapewa Jovita, shemeji yake Rugaibula, aliyefika kutoka kijijini Ijumbi rangi imeshakauka.

Basi Kokuberwa akawa anatazama. Kila alipotazama, ghorofa ilishuka. Fundi Saburi alikuja na tindo, akavunja kidato kimoja cha ngazi iliyozidi urefu, baadaye kingine.

"Mama, punguza," alimwambia. "Saruji ya kuziba nyufa imekwisha."

"Nipunguze nini? Nina macho mawili tu, kama wewe."

Duka la chini likabanwa. Wateja waliingia wameinama, halafu wakitambaa, mwishowe ukabaki upenyo ambao muuzaji alipitishia sukari kwa mkono. Kamati ikakutana, ikaagiza sukari ifungwe katika pakiti bapa. Baraza nayo ikafunikwa, Kokuberwa akahamishia cherehani kando ya barabara, juani. Hakujali. Alitaka tu kumwona yule mwanamke akikanyaga vumbi kama wengine.

Siku ikafika. Roshani ikatua taratibu, kama kuku anayeatamia mayai. Jovita akatoka, akasimama ukingoni, kwenye sakafu yake iliyong'arishwa kwa nta. Dirisha lake bado lilitazama ziwa.

"Kokuberwa waitu, mwenzetu! Afadhali. Zile ngazi zilikuwa zinaniua magoti. Hebu njoo unipimie pindo, gauni hili la harusi ya Rugaibula."

Kokuberwa alimtazama kwa nguvu zake zote. Roshani haikuwa tena na pa kwenda.

Mteja ni mteja. Alichukua utepe wake, akabana pini midomoni, akapiga magoti vumbini mbele ya miguu ya Jovita.

"Shusha kidogo," alisema Jovita kutoka juu.