Simu ya Mezani na Hesabu za Hewa

Kamati ya ujenzi ya hospitali ilikuwa na wajumbe saba, na saba hao walikuwa na maoni tisa kuhusu wodi mpya ya wazazi. Msanifu majengo alikuwa amesafiri siku nzima kuja kuwaonyesha michoro yake, na kufikia saa tano asubuhi walikuwa wameshaisifu milango, ngazi na hata ubora wa karatasi. Walipofika kwenye ua mdogo uliochorwa katikati ya wodi, katibu aliinua kalamu. Kwa maoni yake, huo ulikuwa upotevu wa nafasi. Ungeezekwa, ungefaa kuwa stoo ya vitanda vibovu.

"Ua huo ndio pua ya jengo," alisema msanifu. "Ukiuziba, kina mama ishirini watavuta hewa ileile mchana kutwa."

"Hayo ni maneno, mama. Hesabu ziko wapi?"

Hesabu zilikuwepo, kurasa kumi na nne, ila zilikuwa kwenye kompyuta kuu ya ofisi yake, mwendo wa saa tisa kwa basi. Mwenyekiti, ambaye alikuwa mkunga mkuu na hakupenda mabishano yasiyo na vipimo, alimpa muda hadi saa nane. Baada ya hapo kura ingepigwa, hesabu ziwepo zisiwepo.

Ni haki kuuliza kwa nini mafaili hayakusafiri na mwenyewe. Mwaka uliotangulia, msanifu mwenzake alisahau flashi kwa kinyozi, nayo ilikuwa na ramani kamili ya chumba cha hazina cha benki. Kinyozi aliirudisha siku ileile, jambo ambalo halikumfariji mtunza mitambo wa ofisi hata kidogo. Aliketi akaandika kanuni kurasa thelathini, na tangu hapo watu husafiri, mafaili hubaki. Anayetaka kuyasoma akiwa mbali hupita kwanza kwenye njia maalumu ya mtandao inayoficha kila kipitacho ndani yake, kisha huandika neno la siri, kisha hupigiwa simu na mtambo na kutajiwa tarakimu sita za kuthibitisha kuwa ni yeye. Wafanyakazi walimbatiza mtunza mitambo jina la Komeo. Yeye alilipokea kama cheo.

Msanifu alikuwa amefikia kwa kaka yake, daktari wa meno, nyumba ya tatu kutoka lango la hospitali. Saa sita na nusu alifungua laptopu kwenye meza ya chakula. Alitumia intaneti ya simu yake mwenyewe, kwa kuwa kanuni ya tisa ilikataza mitandao ya wenyeji hata wakiwa ndugu wa damu, akapita kwenye njia maalumu, akaandika neno la siri. Kioo kikamwambia asubiri kupigiwa. Akasubiri. Kaka yake, aliyekuwa akila, alisubiri pia, kwa heshima.

"Mbona hailii?"

Ndipo msanifu alipoikumbuka fomu aliyojaza kanuni zilipotoka. Fomu ilitaka namba ya simu "isiyohamahama", naye, akiwa mtu wa kusoma maelekezo kama hati ya mashtaka, alitafakari kwamba simu ya mkononi huzima, huibwa na huanguka chooni, ilhali ile ya mezani kwake ofisini haikuwahi kutoka chumbani kwa miaka kumi na moja. Aliandika ya mezani.

Wanafalsafa wamebishana kwa karne nyingi kama mlio usio na msikilizaji ni mlio. Huu ulikuwa na msikilizaji. Msanifu alipompigia Komeo, aliusikia nyuma ya sauti yake.

"Naisikia, dada. Inalia hapa upande wa pili wa ukuta."

"Basi kaipokee unisomee hizo namba!"

"Kanuni ya kumi na mbili hairuhusu mtu kupokea tarakimu za mwenzake."

"Si umeiandika wewe?"

"Ndiyo maana naijua. Nikipokea zako leo, kesho nitapokea za tapeli mwenye sauti kama yako."

"Tapeli gani atataka hesabu za hewa ya wodi ya wazazi?"

Komeo alilipima swali hilo kwa haki. "Tapeli anayesikia joto."

Daktari wa meno aliweka kijiko chini. "Mdogo wangu, umejifungia nje, ufunguo umeuacha ndani, sasa unamgombeza mlinzi kwa kuwa hajasinzia."

"Kaka, kula."

Ilibaki kanuni ya ishirini: namba ingeweza kubadilishwa iwapo mwenyewe angeonekana kwa video na kujibu maswali matatu ambayo majibu yake hayamo kwenye faili lolote. Uso wa Komeo ukajaa kioo chote cha simu.

"Sura nimeiona, lakini siku hizi sura si ushahidi. La kwanza: kiti chako kina kasoro gani?"

"Kinainamia kushoto. Nimekulalamikia mara nne."

"Mara tano."

"Nne! Ya tano ilikuwa ya dirisha."

"Vizuri. Huo ulikuwa mtego. La pili: nani anayenywea chai kikombe changu cha bluu?"

"Mimi. Ijumaa, ukienda stoo."

"Asante. Hilo nilikuwa silijui jibu lake."

"Komeo, hilo ni swali la usalama kweli?"

"Kwa kikombe, ndiyo. La tatu: siku kanuni zilipotoka, ulisema nini kunihusu pale kwenye korido?"

"Kumbe ulisikia?"

"Jibu, dada. Saa inakwenda."

"Nilisema zimeandikwa na mtu anayeogopa kivuli chake."

"Endelea."

"Na kwamba kivuli chenyewe kimeshaomba uhamisho."

Daktari wa meno aliondoka mezani akiwa ameziba mdomo kwa leso. Komeo hakubadilika uso. "Ni wewe," alisema, na mtu akathibitishwa kwa matusi yake mwenyewe. Dakika tano baadaye simu ya mkononi ililia, tarakimu zikatajwa, na kurasa kumi na nne zikafunguka.

Saa nane kasoro dakika kumi zilikuwa kwenye laptopu mbele ya mkunga mkuu. Katibu alitoa flashi apate nakala. Msanifu alimsogezea kiti asome palepale. Mkunga alisoma ukurasa wa sita mara mbili. Ua ukiwa wazi, hewa ya wodi nzima ingebadilika mara sita kwa saa. Ukiezekwa, mara moja.

"Mara moja," alirudia. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye wodi isiyo na ua. "Katibu, umewahi kushinda na wazazi ishirini mchana wa jua kali?"

"Sijapata nafasi hiyo, mheshimiwa."

"Nitakutafutia. Anayetaka ua ubaki, ainue mkono."

Mikono sita iliinuka, kisha, baada ya kutazama huku na huku, wa saba.

"Na vitanda vibovu, mheshimiwa?" katibu aliuliza, mkono ukiwa bado juu.

"Vitanda havipumui," alisema mkunga mkuu. "Viwekwe ofisini kwako."