Mtu Asiyewekewa Msiba

Onesmo aliingia kituo kidogo cha polisi cha Manyamanyama, Bunda, amevaa koti lake la kanisani, akaomba afungwe. Sajenti Mseti, mzee aliyekuwa karibu kustaafu, alimwambia akae kwanza.

"Nilimuua mdogo wangu," Onesmo alisema. "Burito. Kule Kibara, ziwani. Zamani, afande, tulikuwaga vijana."

Alieleza kwa sauti ya kawaida. Waligombana juu ya nyavu ndani ya mtumbwi, akampiga kafi la kichwa, Burito akaangukia majini. Yeye akakimbiza mtumbwi hadi nchi kavu bila kugeuka. Nyumbani kwao Butiama alisema upepo uliwapindua. Mwili haukuonekana. Sasa kanisa lilikuwa limemchagua kuwa mzee wa kanisa, na tangu atangazwe hakupata usingizi.

Mkuu wa kituo, ambaye kwa umri angeweza kuwa mtoto wa Mseti, aliona kazi imeisha: mtu amekiri, apelekwe mahakamani. Mseti hakubishana naye. Aliomba tu aende kwanza Butiama kuchukua maelezo ya mama yao.

Alimkuta Mama Jenoveva akianika mihogo juu ya jiwe pana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na makaburi mawili yaliyosakafiwa. Mama alisema moja ni la mumewe, la pili la binti yake.

"Na Burito?"

"Huyo alibaki ziwani."

"Msiba wake mliuweka hapa?"

Mama aliendelea kugeuza mihogo.

"Kwetu Tarime," Mseti alisema taratibu, "mtu akipotea majini tunazika hata shati lake. Watu wanakuja, wanalia, wanakula. Majirani zako wanasema kwa Burito hawakuitwa. Mama mzazi hawezi kusahau kitu kama hicho."

 Magoti ya uzee yalikuwa yakimuuma Mseti, akaegemea lile jiwe.

"Yuko Musoma," mama alisema mwishowe. "Pale Iringo. Anauzaga vipuri vya pikipiki."

Dukani kwake Musoma, Burito alikuwa mtu mnene, mwenye kovu juu ya sikio. Alimaliza kumhudumia mteja ndipo akamvutia Mseti kiti.

"Niliibuka nikamwita," alisema. "Sijui kama alinisikia. Nilichoona ni mgongo wake, anazidi kwenda. Nikashikilia boya la nyavu mpaka wavuvi wengine wakaniokota. Baadaye nikamtafuta mama. Nikamwambia, siku Onesmo atakapokuambia kweli, mwelekeze nilipo. Kabla ya hapo, hapana."

"Hakumwambia."

"Ndiyo. Na mimi nikaendelea na maisha."

"Unataka kumfungulia kesi ya kukupiga?"

Burito alifikiri, kisha akatikisa kichwa.

Mseti alirudi Bunda, akafungua mlango wa mahabusu, akamweleza Onesmo yote, akiwa amesimama. Onesmo hakufurahi wala hakushukuru. Alibaki ameketi sakafuni.

"Mama alijua?"

"Alijua."

"Kila Krismasi nampelekea sukari. Tunakaa siku nzima, tunaongea habari za ng'ombe."

 Mseti alimwambia yuko huru, akaenda kumwarifu mkuu wake, ambaye alikasirika kidogo kisha akaendelea na mambo mengine.

Onesmo aliukataa uzee wa kanisa. Jumamosi alikwenda Butiama, akamwambia mama yake kwa kinywa chake mwenyewe kile alichokifanya kwenye mtumbwi. Mama alimsikiliza hadi mwisho, hakumkatiza. Kisha akachukua simu akampigia mtu Musoma, akasema maneno mawili tu: "Amesema. Njoo."

Mseti aliyajua hayo alipokutana na Onesmo sokoni, akiwa ameshastaafu, amekuja kununua sato. Alimuuliza ilikuwaje mdogo wake alipofika.

"Alifika na pikipiki," Onesmo alisema. "Nikasimama. Mkono hakunipa. Mama akasonga ugali, akatuwekea sahani moja."

"Akala?"

"Alikula. Alikuwa upande ule, mimi upande huu. Hatukuongea." Onesmo aligeuza samaki mmoja juu ya meza. "Alipomaliza akamwambia mama paa la jikoni linavuja, atakuja kulitengeneza. Akaniambia mimi nilete misumari."

"Umeshanunua?"

"Ndiyo naitafuta," Onesmo alisema, wakaagana.