Ngozi ya Mzee Lugembe

Saa nne asubuhi, mwezi wa sita mwaka 1952, Nyamizi alikuwa anaanika michembe juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba yake, mwendo wa saa moja kutoka Kharumwa. Vile vipande vya viazi alivipanga kimoja kimoja visilaliane. Mzee Lugembe akaja kwa njia ya kisimani, akasimama kando, akakohoa kama anavyokohoa mtu mwenye adabu akifika kwa watu. Alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita.

"Mwangaluka, baba," Nyamizi alimwamkia. "Shikamoo."

"Marahaba. Maji yapo?"

Akampa maji na kigoda. Mzee alikuwa bado amejifunga ngozi ya ng'ombe aliyozikwa nayo. Ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama ubao, na ilimchubua shingo. Nyamizi akamwuliza kama inauma. Mzee akasema inauma sana. Basi alileta samli, akaipaka ile ngozi, akaifikicha kwa vidole mpaka ikalainika. Kazi hiyo ilimaliza asubuhi nzima. Akampa michembe na karanga, mzee akala, akaenda zake. Kesho yake alirudi.

Nyamizi hakuwa mwenyeji. Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, mjane wa mchimbaji aliyefukiwa shimoni huko Geita. Kila aliyepita kwake alimwuliza anaumwa wapi, kisha akafanya alichoweza. Hakujua kwamba hilo ni kosa.

Ng'ambo ya ua wa minyaa aliishi Maganga, mtoto wa Lugembe. Wiki ile ile alikuwa amemaliza kumjengea baba yake kibanda cha mizimu mbele ya nyumba, kidogo, kimeezekwa vizuri. Nyasi zilikuwa zimekatwa kwa ajili ya nyumba ya mama yake, Bibi Mageni, iliyokuwa inavuja, lakini hazikutosha kote kuwili, na Maganga aliona baba ndiye wa kutangulizwa. Bibi Mageni alikuwa hai. Alikaa nyuma ya ghala akichambua kunde, na chakula alipewa watoto wakishashiba.

Maganga alipomwona baba yake kwa jirani hakushtuka kumwona. Kilichomchoma ni mahali alipo. Tena mzee alikuwa anacheka. Kwa miaka arobaini Maganga hakuwahi kumchekesha baba yake hata mara moja, na mwanamke huyu wa kuja alimchekesha siku ya tatu. Maganga alisimama ameushika ua mpaka utomvu wa minyaa ukamwasha mikono.

"Baba," aliita. "Kwako ni huku."

"Najua."

"Nimekujengea nyumba."

"Nimeiona. Nzuri."

"Nimekuchinjia beberu."

"Ulimla wewe," mzee alisema, bila hasira.

"Huyu amekupa nini? Michembe! Hata kwetu ipo, magunia."

"Ameniuliza kama shingo inauma." Mzee alijigeuza kwenye kigoda. "Mama yako hajambo?"

Maganga hakujua. Akasema hajambo.

Jioni alimwambia mkewe Justa amkaangie baba michembe kwa samli. Justa akauliza tangu lini michembe inakaangwa. Alikaanga hata hivyo. Chakula kikalala kibandani, kikaliwa na kuku. Siku zilizofuata Maganga alipeleka pombe ya mtama, kisha ugoro, kisha blanketi jipya kutoka duka la Mwarabu. Kila siku saa nne alisimama penye minyaa akatazama nini kimemshinda. Aliona maji, kigoda, na mwanamke anayesikiliza. Alidhani kuna kingine kimefichwa.

Mwezi wa saba alikuja marehemu wa pili, Mzee Nkwabi. Huyu na Lugembe waligombania ngitili maisha yao yote, yaani yale malisho yanayofungwa mvua ikinyesha ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Ugomvi walikuwa wamewaachia watoto wao, Maganga na Januari, na watoto waliulisha vizuri. Nyamizi aliwatandikia wazee mkeka mmoja kwa sababu hakuwa na wa pili. Alipokuwa anamwosha Lugembe miguu aliona kovu pajani, akauliza la nini.

"Mkuki," alisema Lugembe. "Wa huyu hapa."

"Nilikulenga tumbo," alisema Nkwabi.

"Hukuwa na shabaha tangu utotoni."

Wakacheka mpaka Nkwabi akapaliwa na karanga. Nyamizi akampiga mgongoni taratibu. Kabla ya saa sita walikuwa wamekubaliana kwamba ngitili inatosha watu wawili: ng'ombe wa Nkwabi waingie kwa upande wa mto, wa Lugembe kwa upande wa kilima. Waliwaita watoto wao waje wasikie. Walikuja, wakasimama mbali mbali, wakasikia.

"Mmeelewa?" aliuliza Lugembe.

"Nimeelewa," alisema Januari. Alikuwa anatazama mkono wa Nyamizi juu ya bega la baba yake. "Baba, kwetu hukukaa hivi hata siku moja."

"Hakuna aliyeniambia kaa."

Kufikia mavuno ya pamba wafu waliokuja kwa Nyamizi walijaza uwanja. Walimsaidia kubangua karanga, na waliokuwa maadui walishikiana mfuko. Vibanda vyote vya kijiji vilikuwa vitupu. Wenye vibanda walikutana kwenye zizi la Maganga, na Januari alikuwa wa kwanza kufika. Alikaa karibu na Maganga, wakavuta tumbaku kutoka kiko kimoja. Lilikuwa jambo la kwanza nyumba hizo mbili kukubaliana kwa miaka ishirini.

"Anatuibia," alisema Januari.

"Amekuibia nini?" aliuliza Donatus, kiongozi wa kundi la jembe, ambaye ndiye husimamia kulima kwa pamoja na kuadhibu wakosaji.

"Baba."

"Mimi pia," alisema Maganga.

Donatus akatangaza adhabu. Kosa lilikuwa kuwatunza watu wa wengine. Tangu siku hiyo mtu yeyote asimpe Nyamizi kaa la moto wala asichukue kwake, asimwamkie, asilime naye, asichote naye maji. Adhabu hiyo kwa desturi humlainisha mtu kwa wiki mbili, akatoa mbuzi akasamehewa. Lakini wafu hawamo katika kundi la jembe. Waliendelea kumwamkia, wakamchotea maji, na Nkwabi akawa anamletea moto, hakusema kutoka wapi. Bibi Mageni naye alipenya kwenye minyaa siku moja na kaa kwenye kigae. Hakuna aliyemwadhibu. Hakuna aliyemwona.

Basi wakamfukuza. Walikwenda asubuhi, wanaume kumi na wawili, Maganga mbele na Januari ubavuni kwake, wakang'oa paa. Nyamizi alikuwa anawapimia wazee karanga.

"Shemeji," alimwambia Maganga, "mkono wako umefanya malengelenge. Ni utomvu huo. Njoo nikuoshe."

Maganga alitaka kwenda. Mguu wake mmoja ulikwenda kweli. Kisha aliona baba yake amesogea kwenye kigoda ili kumpa nafasi, kama mwenye nyumba, na wivu ukamrudisha.

"Ondoka," alisema.

Nyamizi akafunga michembe kwenye kanga, akashika njia ya Nkome, ziwani. Wafu walimfuata kwa mstari, Lugembe na Nkwabi wakisaidiana kubeba mkeka. Nyuma kabisa alikwenda Bibi Mageni na kigae chake. Hakuwa amekufa. Hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi, kwa kuwa hakuna aliyezoea kumwuliza kitu. Maganga alikuwa anaangalia kama baba yake atageuka. Hakugeuka.

Wiki ya pili Januari alipitisha ng'ombe upande wa kilima, Maganga akampasua kichwa kwa rungu. Siku ya nne baada ya hapo Justa alimwambia mumewe, "Baba Shija, bibi hayupo."

"Yupo nyuma ya ghala."

"Nimekwambia hayupo."

Mwezi wa kumi alipita Mwanaima, mwuza dagaa. Alisema bibi yuko Nkome, ananenepa, anaanika dagaa pamoja na mumewe, na mchana hulala kwenye mkeka. Amesalimia.

"Ameniulizia?" aliuliza Maganga.

"Ameuliza kama ile nyumba yake bado inavuja."

Maganga alifikiri sana. Kesho yake alikata nyasi bora kuliko zote, akajenga kibanda cha pili kando ya kile cha baba yake, kikubwa zaidi, ili mama akifa asije akaenda kwa watu. Alimwambia Justa mvua isingepita humo hata tone. Kisha akachinja beberu, akakaa kwenye kigoda mbele ya vibanda viwili, akawakaribisha wazazi wake kwa sauti, akala.