Punda wa Darajani

Ebla alikuwa amechanja mbuzi wa nusu ya Garissa, lakini wiki hiyo alihangaishwa na rimoti ya gemu. Binti yake Nasteha alimhitaji. Gemu ilikuwa ya dada wawili wanaomtafuta baba yao ng'ambo ya milima, na haikubali kuchezwa na mtu mmoja. Mashine yenyewe ilikuwa ya Abdihafid, mtoto wa kaka yake Ebla, ambaye angeipitia baada ya alasiri arudi nayo Nairobi.

Wakafika kwenye daraja la kamba. Mbao zikaanza kuvunjika, na punda wa kwao aliyewabebea mizigo tangu mwanzo akakwama katikati. Skrini ikawaamuru wakate kamba iliyomshikilia punda, wote wawili kwa pamoja.

"Bonyeza, hooyo," Nasteha akamwambia mama yake.

"Nimuue punda?"

"Ni hadithi tu. Lazima aanguke."

"Lazima ya nani? Mtue mzigo kwanza."

"Hakuna batani ya kutua mzigo."

"Basi aliyeitengeneza hajawahi kufuga." Ebla akaisogelea televisheni. "Na huyu ana mimba. Tazama tumbo."

"Hooyo, hiyo ni picha."

"Picha yenye mimba."

Ebla akamrudisha dada wake darajani kumvuta punda, akatumbukia mtoni. Gemu ikamfufua. Akarudi tena, akatumbukia tena.

Abdihafid akabisha hodi, akasalimu, akaketi na begi lake tupu mapajani. "Eedo, hapo unakata tu," akamwambia shangazi yake. "Mimi nilikata."

"Mzigo ulikuwa wa nani?"

"Mzigo gani?"

"Aliokuwa nao punda uliyemuua."

Abdihafid akaitazama simu yake.

"Hooyo," Nasteha akasema, "ngamia wa babu alipovunjika mguu kule Habaswein, si wewe uliyesema achinjwe?"

"Nilisema achinjwe. Sikusema atupwe mtoni."

Nasteha akavuta ncha ya mtandio, akajifuta macho. Wiki nzima alikuwa akiosha vyombo bila kuambiwa, ili tu mama yake acheze naye, ajue kama baba yule atapatikana. Ebla alimjua mwanawe: akililia viatu, jirani husikia; akiumia kweli, hanyanyui sauti.

"Bismillahi," Ebla akasema, akabonyeza.

Punda akaenda na maji. Dada wawili wakavuka, wakapanda kilima chenye theluji, na baba yao akatoka kibandani akawakumbatia. Nasteha akalia waziwazi. Baba akasema wamekua, akasema aliwakumbuka sana, na muziki ukapanda. Ebla akasubiri. Majina ya watengenezaji yakaanza kupita.

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Hajauliza punda yuko wapi."

Nasteha akapangusa pua, akafikiri. "Kweli, hajauliza."

"Watoto wametoka safari kwa miguu, mikono mitupu, naye anasifu walivyokua."

Abdihafid akaanza kuchomoa nyaya taratibu, asije akaulizwa yeye.

"Hooyo," Nasteha akasema, "una hakika yule ni baba yao?"