Jioni za Mwalimu Haruka

Mwaka 2013 nyumba ya Bi Philomena pale Kasulu ilikuwa na raha yake, na mwanawe Marcel mpaka leo akisikia harufu ya maharage mabichi, moyo humrudisha kule. Chumba cha uani alipanga Haruka, mwalimu wa hesabu wa kujitolea kutoka Japani. Jioni, wakimenya maharage, alimfundisha mama namna ya kutaka.

"Tabemasu, ninakula. Toa masu, weka tai. Tabetai, nataka kula."

"Tabetai!" mama alidakia, kicheko kikampalia. Nomimasu ikawa nomitai, nataka kunywa. Ikimasu ikawa ikitai, nataka kwenda. Marcel naye, mwalimu wa Kiswahili, akajifanya mjuzi na kusahihisha matamshi ya lugha asiyoijua.

Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumsikia mama akisema nataka. Kwa Waha wa rika lake, mzazi hamwombi mwanawe; mwana mwenye macho huona mwenyewe. Kijapani hakikuwa na aibu hiyo. Siku moja akauliza neno la kuonana.

"Aimasu," Haruka alisema.

"Basi aitai. Apoline ni aitai." Nataka kuonana na Apoline.

Apoline alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, mkimbizi wa kambi ya Mtabila, waliyeuza naye dagaa miaka mingi. Kambi ilipofungwa mwishoni mwa 2012 alirudishwa Burundi, wala hawakuagana.

Tangu siku hiyo mama alisema sentensi ile ile kila jioni. Haruka akamtazama Marcel. Na Marcel, sikio la kufa halisikii dawa, alisema, "Mama, hapo kwenye 'a' vuta kidogo." Pikipiki yake ilikuwa pale uani, na mpaka wa Burundi pale Manyovu ni mwendo wa saa chache tu.

Haruka aliondoka 2014. Mama alifariki masika ya mwaka uliofuata. Mwezi haujaisha, watu wakaanza kukimbia tena Burundi. Apoline akafikia kambi ya Nyarugusu, akaomba ruhusa, akaja kubisha hodi.

"Mwana wanje, mwanangu, Philomena yuko wapi?"

Marcel alimwambia. Bibi akaketi kwenye benchi, akalia sana, kisha akajifuta kwa pindo la kitenge.

"Hakunitaja hata siku moja?"

Marcel alitamani kudanganya, akashindwa.

"Alikutaja kila jioni," alisema. "Mimi nilikuwa namsahihisha matamshi."