Ziwa Linalochemka Bila Moto

Dative hakuwa mwanamke wa kukaa. Hata nyumbani kwake Louisville, kule mtaa wa Iroquois, watoto walishazoea kumwona akila amesimama, kijiko mkononi, macho dirishani. Kazi ya ghala ilimzidishia. Mtu anayeshinda akifukuzana na maboksi kwenye mkanda hawezi kurudi nyumbani akatulia kwa sababu tu kuna kochi. Kwa hiyo mama yake alipopiga simu kutoka Buffalo na kusema lazima mtu aende Ujerumani kumchukua mdogo wake Jolie, hakuna aliyeuliza ni nani. Bagula, kaka yao anayeishi na mama huko East Side, alisema tu kwamba yeye hana likizo.

Kumchukua Jolie maana yake ilikuwa kumshawishi. Jolie alikuwa kitinda mimba, na yeye peke yake ndiye safari ya ukimbizi ilimtupa upande mwingine wa dunia. Alitunza wazee katika kijiji kimoja cha milima ya Eifel, hana mume, hana mtoto, hana hata jirani wa kusemezana naye Kiswahili. Na huko Columbus alikuwepo Venance, Mtanzania aliyefiwa na mke, muuguzi, mtu wa kanisa, asiye na makelele. Alikuwa amezungumza na Jolie kwa simu kwa miezi, wakachekeshana vizuri tu, kisha Jolie akaanza kuchelewa kujibu na mwisho akanyamaza. Mama alisema upweke umemla binti yake, na dawa ya upweke ni kuondolewa mahali penyewe.

Dative alifika kijijini akiwa na maneno yote kichwani, amekwisha kuyapanga ndani ya ndege. Lakini hakuyasema siku ya kwanza, kwa sababu walishikana mlangoni wakalia mpaka jirani wa juu akachungulia. Wala hakuyasema asubuhi iliyofuata. Alipofungua mdomo tu mezani, Jolie alikwisha kuweka mbele yake viatu vya kutembelea, vizito, vya kuazima, akamwambia kuna mnara.

Mnara ulikuwa wa mbao, juu kabisa ya mlima, na njia ya kwendea ilikuwa imechorwa alama za rangi kwenye miti ili watu wasipotee. Dative alipanda akihema, akitegemea huko juu kutakuwa na kitu. Huko juu kulikuwa na misitu, mashamba ya manjano, makanisa madogo yenye minara mirefu, na vilima vya mviringo vilivyokaa kama vyungu vilivyofunikwa. Watu waliopanda pamoja nao waliegemea ukingo, wakala mikate yao, wakatazama. Basi. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kushuka. Dative alizunguka jukwaa lile mara nyingi mpaka likaanza kutikisika, akajiuliza ni watu gani hawa wanaopanda mlima ambao hawana shamba juu yake.

Siku iliyofuata ilikuwa magofu ya ngome, kisha kinu cha maji ambacho gurudumu lake bado huzunguka ingawa hakisagi tena chochote. Baadaye yakaja machimbo ya zamani, ambako watu walichonga mawe ya kusagia. Kila Dative alipokaribia kutaja jina la Venance, Jolie alikuwa mbele hatua chache, mgongo wake umenyooka, akionyesha ndege au kibao cha njia. Simu ya Dative haikupumzika mfukoni. Mama alituma ujumbe wa sauti kutoka Buffalo akitaka kujua wamefika wapi. Venance naye aliandika kwa adabu kwamba hataki kumsukuma mtu.

Katika machimbo Dative aligusa ukuta wa mwamba. Jiwe lilikuwa jeusi, lenye vitundu vidogo vidogo. Lile lile. Alilijua kwa kidole kabla hajalijua kwa jicho, maana nyumba waliyozaliwa Goma, na ukuta wa kuizunguka, na barabara ya kwendea kisimani, vyote vilikuwa vya jiwe hilo. Aliuondoa mkono haraka. Jolie, aliyekuwa akimwangalia, akatangulia kwenda garini.

Ziwa Jolie aliliacha hadi mwisho. Lilikuwa la mviringo, msitu umelizunguka, maji yametulia na bata wamejaa. Watu walikuwa wengi siku hiyo, wazee na fimbo zao, wanafunzi, familia zenye vigari vya watoto. Kijia kilizunguka ukingoni, na Dative alitembea akiwapita wengine, amekata shauri kwamba wakifika benchi la kwanza atasema, Jolie apende asipende.

Kabla ya benchi akaona maji yanachemka.

Hayakuwa ya moto. Karibu na ukingo, viputo vilikuwa vinapanda kutoka chini, mstari baada ya mstari, vinapasuka juu kimya kimya. Na hapo hapo, katika kijibonde kilichoshuka mpaka majini, kitoto cha kike chenye kofia nyekundu kilikuwa kimechuchumaa, kimeinamisha uso karibu kugusa maji, kinajaribu kushika kiputo.

Dative hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika. Alimkwapua mtoto kwapani, akapanda naye ukingo mbio, akavuka njia, akaendelea kupanda mpaka penye upepo, huku amebana pumzi yake mwenyewe. Mtoto alipiga yowe. Baba yake alikuja nyuma akipiga kelele za Kijerumani, mama yake nyuma ya baba, na watu wote wa njiani wakasimama. Dative alimshikilia mtoto juu kadiri mikono ilivyofika, hataki kumwachia, akarudia neno moja tu kwa Kiswahili chao cha nyumbani: mazuku, mazuku.

Jolie ndiye aliyemfikia kwanza.

"Yaya," alimwita dada yake kwa sauti ya chini, "letea mie mutoto. Hana shida. Upepo iko."

Alimchukua mtoto, akamrudisha kwa baba yake, akazungumza nao Kijerumani kwa utulivu, kwa muda mrefu kuliko radhi inavyohitaji. Uso wa yule baba ulibadilika polepole. Mama wa mtoto akamwendea Dative, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kitu, kisha wakaondoka na kigari chao, mtoto bado akilia kwa kunyang'anywa viputo vyake. Dative aliketi chini penye majani. 

Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini kule kwao, kando ya ziwa na chini ya volkano. Haina rangi wala harufu. Hukaa mabondeni kama maji yanavyokaa ndani ya beseni, hukausha hata majani, na anayeshuka humo hapandi tena. Dative alikuwa Bukavu kwa shangazi yao wakati mdogo wake wa kiume Gloire, aliyemtangulia Jolie kuzaliwa, alipofariki. Mama alimwambia ni homa. Majirani ndio waliomwambia ukweli, kwa kunong'ona, kwamba mtoto alifuata mbuzi bondeni kule Bulengo, nje ya mji. Nyumbani mama alipiga marufuku habari hiyo, kwa kuogopa watu watasema ni uzembe, au mbaya zaidi, watasema mtoto ameliwa na wachawi na kumtafuta mchawi ndani ya nyumba. Jina la Gloire likakoma kutajwa. Hata Bagula alipopata mtoto wa kiume Buffalo, hakuna aliyethubutu kupendekeza jina hilo.

"Nilikuwa naye," Jolie alisema. Alikuwa ameketi kando yake, anaangalia maji.

Dative aligeuka.

"Mbuzi alitangulia, akaanguka. Gloire akacheka, akasema amelala. Akashuka kumwamsha. Mie nilikuwa nashuka nyuma yake, na mwanaume moja mwenye kuuza makaa akanikamata ku nguo. Nilimuona Gloire analala vile, pole pole, karibu ya mbuzi. Mama akaniambia, nikisema, atanifukuza."

Aliyasema bila kulia, kama mtu aliyeyarudia mara nyingi kichwani. Kisha akamwonyesha kibao kilichosimama karibu na njia. Kilikuwa na picha ya ardhi iliyokatwa, moto wa chini kabisa, na vishale vya hewa inayopanda. Alimsomea. Kilieleza kwamba volkano haijafa, imelala tu, na kwamba watu wasilale mabondeni siku zisizo na upepo, maana hata huku ndege wadogo hukutwa wamekufa humo.

"Siku ya kwanza kusoma hii nilikaa hapa mpaka jioni," alisema. "Donc, basi, kitu ile iko na jina. Iko na maelezo. Batoto ba masomo banaletwa kuisoma. Yaya, mie sikubaki huku sababu ya kukosa bwana. Nilibaki sababu huku batu banaisema."

Venance alikuwa amemwuliza siku moja, kwa nia njema, wako wangapi kwao. Jolie alishindwa kujibu, watatu au wanne. Hapo ndipo alipoacha kupokea simu.

Maneno ya Dative, yale ya ndani ya ndege, hayakupata mahali pa kuingia. Jioni alimpigia Venance mwenyewe akamwambia asingoje, kwa sababu jibu, kama litakuja, litatoka kwa Jolie. Venance aliitikia, akashukuru kwa kuambiwa wazi. Kisha Dative akampigia mama Buffalo, yeye na Jolie wakiwa jikoni, simu juu ya meza. Dative alisimulia ngome na mnara, mama akasikiliza bila subira, akauliza Jolie anakuja au haji. Dative akasema wamekwenda kwenye ziwa lenye mazuku.

 Walisikia televisheni ya Bagula nyuma ya mama, kisha mlango ukifungwa na televisheni ikapotea.

"Huyo mutoto yuko hapo?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Niko, mama," Jolie alijibu.

"Ulikuwa mudogo sana," mama alisema. "Na mie sikujua mahali pa kuiweka." Alikohoa. Halafu akauliza kama majani yanaota kando ya hilo ziwa. Jolie akamjibu kwamba yanaota, mengi, na bata wanazaa humo. Mama akasema vema, akasema amechoka, akakata simu. Jina hakulitaja. Jolie alibaki ameishika simu iliyozimika, na Dative, kwa kukosa la kufanya, akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jolie hakuhama. Mwaka ule alikuja Buffalo kwa Noeli, akakuta mama ameweka kitambaa cheupe juu ya kabati na mshumaa juu yake, hakueleza ni wa nani, wala hakuna aliyemwuliza. Venance alipiga simu kutoka Columbus kuwatakia heri, na Jolie akazungumza naye kutoka varandani, theluji ikimwagika, kwa muda mrefu kuliko baridi ile inavyoruhusu.

Dative naye alirudi kwenye mkanda wa maboksi. Jumapili moja aliwavisha watoto viatu akawapeleka kupanda kilima cha Iroquois Park, wakilalamika kwa Kiingereza njia nzima kwamba huko juu hakuna kitu. Walipofika waliona paa za mji, miti, na ndege za mizigo zikishuka. Binti yake mkubwa, Kamikazi, akauliza wamekuja kuona nini. Dative alijaribu kuketi kwenye ukuta wa mawe, akasimama, akajaribu tena.

"Kaeni," aliwaambia. "Muko na muyomba wenu mumoja, ndugu yangu mwenye alikufa mudogo, hamujui hata jina yake."