Bomba la Mabela

Muscat mvua ni mgeni wa nadra, na maji ya kunywa hutoka baharini, yakaondolewa chumvi mitamboni mpaka yakanyweka. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha Muhsina, na asubuhi ile bahari ilimgeuka. Vijimea vyekundu vilitanda pwani nzima, maji yakawa mekundu kama chai ya mkandaa isiyotiwa maziwa. Vikiingia mitamboni, vichujio vyote vitaziba. Amri ikatoka: mitambo izimwe. Mji utatumia akiba iliyomo kwenye matangi makuu, hospitali kwanza, na tangazo litatolewa mchana. Mpaka hapo, kila mtu afunge mdomo wake.

Muhsina hakutulia. Nyumbani Mabela, baba yake, mzee Mahfoudh, alikuwa kitandani na kiharusi, akisafishwa mara kwa mara kama mtoto mchanga. Tangi la juu ya paa lilikuwa limetoboka, na fundi kazi yake kuahidi tu. Muhsina akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Mwishowe akampigia mama yake, Bi Kheiria.

"Mama, jaza kila chombo. Maji yatakatika. Lakini usimwambie mtu."

"Nimwambie nani mie, mwanangu?"

Nani! Kumpa Bi Kheiria siri ni kuipandisha mnarani. Wala si ubaya. Hajui kupata kitu akala peke yake. Muhsina alilijua hilo tangu utotoni, na bado alipiga simu.

Haukupita muda, akiba ikaanza kushuka. Kwenye kioo cha kompyuta, mitaa mingine ilikuwa shwari, Mabela peke yake inaporomoka. Watu wanajaza mabafu, mapipa, hata masufuria ya biriani.

"Hawa wamepatwa na nini leo?" Hamoud, mkuu wa zamu, alishangaa. "Wakiendelea hivi, hospitali hawatapata kitu."

Muhsina alijua wamepatwa na nini. Akataka kusema kweli, badala yake akapeleka mkono kwenye kitufe cha Mabela.

"Nifunge bomba lao?" akauliza.

"Funga."

Akafunga. Baada ya kitambo simu ikalia.

"Muhsina, mbona yamekatika upesi hivi?"

"Nimeyafunga mimi, mama. Mtaa mzima mmeyavamia. Nyie mmejaza kiasi gani?"

Sauti ya Bi Kheiria ikaja, ndogo.

"Sijajaza hata kopo, mwanangu. Nlikuwa nnawapigia watu."